Manukato kwa pua, mafuta kwa bei

Haya ndiyo niliyosema Jumamosi mbele ya wanavikundi wa sabuni na mafuta ya mwili hapa Tanga. Waliozuiwa na mvua wameomba niyaweke yote. Picha za ukutani nimeziacha. Hata siku yenyewe hazikuonekana, umeme ulikatika.

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu, hamjambo. Na nyie kaka wawili mliojibanza mlangoni, sogeeni mbele, manukato hayana mwenyewe.

Naanza na swali. Ukienda dukani kununua mafuta mazuri, unafanyaje? Unafungua kizibo, unanusa. Unapaka kidogo mgongoni mwa mkono, unanusa tena. Unazunguka sokoni, unarudi, unanusa mara ya tatu, mwenye duka keshaanza kukununia. Si ndiyo? Haya. Na mafuta ya kuchanganyia hayo manukato, unayanunuaje?

Mmenyamaza. Mimi nawajua. Mnauliza lita shilingi ngapi.

Manukato tunachagua kwa pua, mafuta tunachagua kwa bei. Lakini shika chupa ya mililita 30 unayomuuzia mteja. Humo ndani manukato ni matone sita, labda kumi. Iliyobaki yote ni nini? Ni mafuta. Mteja anakusifu kwa matone sita, ila anachojipaka usoni, anachompaka mwanawe, ni mafuta.

Kikundini kwetu tunayaita mafuta mama. Karafuu, mchaichai, langilangi, haya makali yanayotoka kwenye mtambo wa mvuke, hayapakwi yenyewe kwenye ngozi. Yanabebwa mgongoni. Mama ndiye anayeyafikisha, na ndiye anayeyazuia yasiruke yote hewani kwa mara moja, maana mafuta ya mbegu hayageuki mvuke. Ndiyo sababu mafuta mazuri ya asubuhi bado unayasikia jioni ukimkumbatia mtu, japo hayakujaza basi zima kama ya kupuliza. Sasa mama akiwa mgonjwa, mtoto mgongoni atatulia?

Nimekuja na chupa nne, hizi hapa mezani. Msizifungue bado. Tutazipitisha mwishoni.

Nataka niwasimulie aibu yangu kwanza.

Miaka sita iliyopita binti wa jirani yangu alikuwa anaolewa. Wakanipa kazi: vichupa 40 vya mafuta mazuri, vile vidogo vyenye gololi mdomoni, zawadi ya wageni wanawake. Nikasema leo watanijua. Nikatafuta asumini ya kweli, nikaagiza na langilangi ya Komoro, maana Wakomoro ndio mabingwa wa ua hilo duniani. Pesa ikaishia huko. Mafuta mama je? Nikachukua alizeti, ile inayokamuliwa vijijini na kupangwa kwenye madumu kando ya barabara. Mazuri, manono, yananukia mbegu. Kwa chapati hayana mpinzani.

Harusi ikaingiliwa na msiba, ikasogezwa miezi mitatu. Vichupa vyangu vya kioo cheupe vikakaa dirishani, vimepangwa safu nne, jua la jioni likivipiga vinang'aa kama dhahabu. Nilivipiga hata picha nikaweka kwenye simu.

Siku ilipofika shangazi wa bibi harusi akafungua cha kwanza. Akanusa. Akanitazama. Akanusa tena. Akasema taratibu, ili wengine wasisikie: "Mwanangu, umetutilia asumini au bajia?"

Mnacheka. Mimi sikucheka. Ilikuwa kweli: juu kulikuwa na asumini, chini yake kikaango cha juzi ambacho hakikuoshwa. Vichupa arobaini. Vyote.

Nilikosea wapi? Nilidhani mafuta ni kitu kilichokufa, unakiweka kinakaa. Mafuta yanaishi, na yana maadui watatu: hewa, mwanga na joto. Mimi niliyaweka dirishani Tanga, mwezi wa pili, kwenye kioo cheupe. Nilikuwa nayachoma polepole.

Na si mafuta yote yanachakaa sawasawa. Alizeti ya kawaida imejaa asidi iitwayo linoleiki, mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta yenyewe. Ile asidi ina nafasi ndani yake, kama meno yenye mapengo, na oksijeni ikipita hujishikiza kwenye mapengo hayo. Ikishajishikiza, ndipo unapopata ile harufu ya kuchacha. Nazi je? Nazi karibu yote imeshiba. Nusu yake hivi ni asidi ya lauriki, haina pengo hata moja. Oksijeni inapita, inakosa pa kukaa. Ndiyo maana mafuta ya nazi yaliyopikwa sawasawa yanakaa mwaka na zaidi, na ya alizeti yakishafunguliwa unayahesabia miezi.

Yaliyopikwa sawasawa, nimesema. Hapo nikae kidogo.

Bibi yangu alikuwa anapika mafuta ya nazi kila baada ya mavuno. Anakaa juu ya mbuzi anakuna, anakamua tui kwa kifumbu, machicha yanaenda kwa kuku. Tui linabandikwa kwenye sufuria pana, moto wa vifuu, moto mdogo. Sisi watoto tulikuwa tunauliza, bibi, yameiva? Yeye hatazami hata. Anasema, "Bado yanapiga kelele." Na kweli, ukisikiliza unasikia tui linatatarika, cha-cha-cha-cha. Ile sauti ni maji yanayotoka. Linatatarika, linatatarika, halafu linaanza kutulia. Likinyamaza kabisa, shata limezama chini, limekuwa la kahawia kama sukari guru, bibi anaepua papo hapo. Ukiepua kabla halijanyamaza, umebakiza maji, na penye maji ukungu unapata makazi. Ukichelewa dakika mbili, mafuta yote yananukia moshi na hakuna asumini itakayoificha. Kipimajoto hakuwa nacho. Alikuwa na sikio.

Sasa wewe unayenunua mafuta ya nazi sokoni, unajua kama yalinyamaza? Mimina kidogo kwenye kijiko, pasha juu ya mshumaa. Yakitatarika, rudisha.

Na ufuta? Simsim, kama wanavyosema wenzetu wa Mombasa. Ufuta una mapengo pia, lakini una walinzi wake wa asili, sesamoli na ndugu zake, wanaozuia oksijeni. Watu wa kale hawakujua majina hayo, walijua tu kwamba mafuta haya hayaharibiki upesi. Zanzibar na Lamu kulikuwa na shinikizo linalozungushwa na ngamia, anazunguka kutwa akiwa amefungwa macho, na mafuta yale yalikwenda jikoni na mwilini. India watengeneza manukato walikwenda mbali zaidi: wanatandaza mbegu za ufuta, wanazifunika kwa maua ya asumini mabichi, maua yakinyauka wanayatoa wanaweka mengine, siku baada ya siku, mpaka mbegu zenyewe zinukie. Ndipo wanakamua. Hebu fikirini hilo. Manukato yanaingia kwa mama kabla mama hajawa mafuta!

Kuna moja nawaonea uchungu nalo. Nani ana mlonge nyumbani kwake? Nyosheni mikono. Naona karibu nyote. Nani amewahi kujipaka mafuta ya mbegu zake? Mmoja. Mmoja, jamani! Majani mnakula, mizizi mnachimba, mbegu mnatafunia presha, mafuta mnayaacha. Misri ya kale mafuta ya jamii hii ya mlonge ndiyo yaliyobeba manukato ya wakubwa, na Wagiriki wakayasifu kwa jambo hilohilo: hayachachi upesi. Ndugu wa mlonge wetu anaota kwenye milima ya Omani na bara Arabu, mbegu zake bado zinakamuliwa. Mafuta ya mlonge kwa sehemu kubwa, kama asilimia 70, ni asidi ya oleiki, yenye pengo moja tu. Ni mepesi, yana harufu ndogo mno, hayagombani na ua. Mafundi saa wa Ulaya walikuwa wakiyatia kwenye saa kwa sababu hayagandi na kunata. Kasoro yake ni kukamua. Kwa mashine ya mkono, kilo moja ya mbegu zilizomenywa ilinipa kikombe cha chai ambacho hakikujaa, na bega likaniuma siku mbili. Kwa hiyo hayo siyo ya kujipaka mwili mzima. Weka kwa vile vichupa vya gololi.

Haya. Hayo ni ya chupa. Ngozi je?

Kuna dada mmoja mteja wangu, uso wake una mafuta mengi na chunusi. Alisoma mahali kwamba nazi ni dawa ya kila kitu, akajipaka usoni asubuhi na jioni. Baada ya wiki tatu akaja kwangu na mtandio hadi machoni. Nazi ikapata lawama, mimi nikapata lawama, Tanga nzima ikapata lawama. Nazi haikuwa na kosa. Ni nzuri kwa mwili, kwa visigino, kwa nywele, na wataalamu wa Ufilipino waliijaribu kwa watu wenye ukurutu ikafanya kazi nzuri. Lakini kwa nyuso za baadhi ya watu inaziba vinyweleo. Uso kama ule unataka mafuta mepesi yenye linoleiki nyingi. Na ni yapi hayo?

Eeh, umesema kweli mama. Alizeti. Ile ile iliyoniaibisha harusini.

Mnaona sasa? Alizeti safi, iliyosafishwa, mpya, chupa ndogo ya rangi nyeusi, ya kumaliza mwezi mmoja, ni rafiki mkubwa wa ngozi. Kwenye manukato ya kukaa miezi, adui. Ukiniuliza "mafuta gani ni bora", mimi nitakuuliza bora kwa nani, na kwa muda gani.

Sasa nitasema jambo ambalo najua baadhi yenu hamtalipenda. Zeituni. Zeituni ni mti uliobarikiwa, sibishani na hilo, na mezani kwangu haikosi. Lakini kumpaka mtoto mchanga kila siku? Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha uchunguzi 2013: watu wazima waliojipaka zeituni mkononi mara mbili kwa siku kwa wiki kadhaa, ngozi yao ya juu ililegea na wengine ikawa nyekundu kidogo. Waliojipaka alizeti, ngozi ilibaki imara. Ngozi ya mtu mzima ndiyo hiyo. Ya mtoto wa siku tano je? Na mwenye pumu ya ngozi je? Mimi wajukuu zangu nimewaachia mama zao mafuta ya alizeti, zeituni nimeibakiza kwenye saladi. Kila mmoja aamue nyumbani kwake.

Mbarika nitapita haraka. Mazito, yananata kama asali, yanang'arisha. Usiyatumie peke yake. Sehemu moja kwa tisa za mafuta mepesi inatosha kwa nyusi na ncha za nywele. Ubuyu nao ni mzuri kwa ngozi kavu, ila mafuta yake yana harufu yake ya mbegu, yatashindana na langilangi na hakuna atakayeshinda.

Kaka mmoja kati ya hawa wawili aliniuliza kabla hatujaanza: kwa nini alipochanganya mafuta ya nazi na spiriti ili apate ya kupuliza, yalijitenga? Kaka, ulitikisa, ukatikisa, ukaweka chini, mafuta yakazama na spiriti ikaelea juu yake. Ndivyo yalivyo mafuta mengi ya mbegu, hayaelewani na spiriti. Mbarika ndiyo pekee katika haya yetu inayokubali kuyeyuka ndani ya spiriti kali. Na hiyo spiriti ya zambarau ya kuwashia majiko usiikaribishe kwenye ngozi ya mtu, ina sumu.

Halafu kuna baridi. Niliwahi kumtumia mteja wa Lushoto mafuta ya nazi yenye mchaichai. Akanipigia simu kwa hasira: "Umeniuzia kimbo!" Mafuta yalikuwa yameganda meupe. Nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Sisi huku pwani tunasahau kwamba kuna watu wanalala na blanketi mbili. Siku hizi wateja wa Lushoto na Njombe nawachanganyia na ufuta. Yapo pia mafuta ya nazi yaliyochujwa kiwandani, hayagandi na hayana harufu, lakini bei yake kaa chini kwanza ndipo uulize.

Jambo la mwisho zito, na hapa sitanii.

Kisiwani Pemba, pale Wawi karibu na Chake Chake, kuna kiwanda cha makonyo. Vile vikonyo vya karafuu ambavyo wengine wangevitupa, pale vinatiwa kwenye mtambo na kutoa mafuta. Nilifika nje yake tu, macho yakaanza kutoa machozi. Hiyo ni harufu ya mbali! Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa mno ni kitu kimoja, eujenoli, ndicho kinachoutia ganzi jino linalouma. Kinachotia ganzi jino kitafanya nini shavuni?

Binti mmoja wa kikundi, sitamtaja ingawa amekaa humu na anacheka, alitengeneza mafuta ya kusinga. Liwa safi, mpachori safi, nazi ya bibi yake. Karafuu akaweka kijiko cha chai. Kijiko! Katika chupa ya mililita 100. Akajaribu kwanza mwenyewe, namshukuru Mungu kwa hilo, akalala na mikono ndani ya beseni la maji ya baridi. Maji yalimsaidia kidogo tu, maana karafuu haiondoki kwa maji. Ukiungua namna hiyo, jipanguse kwanza kwa mafuta matupu, kisha sabuni, kisha maji mengi.

Hesabu ni hii, iandikeni. Mililita moja ni kama matone 20. Chupa ya mililita 30, ukitaka asilimia moja ya manukato, ni matone sita. Asilimia moja inatosha uso, mbili mwili. Karafuu peke yake wataalamu wa usalama wanasema isizidi nusu ya asilimia moja. Chupa ya 30, matone matatu. Matatu. Semeni wote: matatu! Kwa vichupa vya gololi, vinavyoguswa shingoni na viganjani tu, manukato mengine yanaweza kufika asilimia kumi, lakini karafuu inabaki na sheria yake hiyo hiyo. Na mtoto mchanga hapakwi manukato yoyote, apate mama peke yake.

Na limau, au ndimu, iliyokamuliwa kwenye ganda: ukijipaka ukatoka juani, ngozi inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi wiki nyingi. Jua na ganda la ndimu hawapatani. Tumia usiku, au acha.

Kwa kuwa nimetaja jua. Nasikia mnawaambia wateja kwamba mafuta ya nazi yanakinga jua. Jamani! Hospitali ya KCMC pale Moshi wanatengeneza krimu maalumu ya kuwakinga ndugu zetu wenye ualbino. Ingekuwa dumu la nazi linatosha, nani angehangaika na maabara? Neno hilo liondoeni kwenye lebo zenu leo, kabla hamjalala.

Na ukishaanza kuuza, si kujipaka na mashoga zako, kumbuka kwamba tangu 2019 vipodozi Tanzania Bara viko mikononi mwa TBS, Shirika la Viwango. Nendeni mkaulize taratibu. SIDO, wale wa viwanda vidogo, wako hapa mjini na maswali ni bure.

Kununua je, manukato yenyewe utajuaje hayajachakachuliwa? Weka tone moja kwenye karatasi nyeupe, acha hadi kesho. La karafuu au la mchaichai safi linapotea, pengine linaacha kivuli kidogo. Likiacha doa la mafuta kama la andazi, muuzaji keshakuwekea mama humo ndani na anakuuzia kwa bei ya mtoto. Liwa na mpachori ni mazito, hayo yataacha alama hata yakiwa safi, msije mkagombana na mtu bure.

Sasa hizi chupa. Ya kwanza ni nazi, ya bibi mmoja wa Pangani, ilinyamaza vizuri. Ianze kwa mama mwenye kanga nyekundu. Ya pili ufuta. Ya tatu mlonge, hiyo msimwage hata tone, mnajua bega langu. Zote tatu nimezitia asumini ile ile, matone yale yale. Nuseni polepole, mseme wenyewe ipi imeliacha ua likae kama lilivyo mtini.

Ya nne ni ndogo, ina gololi. Kioo cheupe. Nimeitunza miaka sita kabatini. Wewe dada wa mwisho, anza wewe, fungua, usiweke pua karibu sana.

Eeh. Hiyo ndiyo bajia yenyewe.